Mrejesho: Redio ya mawimbi mafupi inayonguruma jioni

Wakuu, swali lilikuwa hili: mchana redio inashika vizuri, ikifika saa moja jioni inaanza kunguruma na stesheni za mita 31 na 49 (bendi mbili za mawimbi mafupi) zinazama. Mlisema chanzo ni umeme wa ndani ya nyumba, si redio. Ni kweli.

Kipimo: redio kwenye betri, kisha swichi kuu ya nyumba ikazimwa. Kimya. Ikawashwa, vifaa vikachomolewa kimoja kimoja. Wakosaji wawili: taa ya LED ya sebuleni (ndiyo maana ni jioni tu) na chaja ya simu ya bei rahisi. Vyote hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na makelele yake hupanda hadi kwenye mawimbi mafupi. Taa imebadilishwa. Waya wa chaja umezungushwa mara 7 kwenye pete ya feraiti (kauri ya sumaku inayozuia makelele ya umeme kupita kwenye waya), karibu kabisa na chaja. Mngurumo umepungua, haujaisha, kwa hiyo wakati wa kusikiliza chaja inachomolewa.

Antena: waya wa mita 10 nje, mbali na nyaya za umeme, ulibanwa kwenye antena ya redio. Mawimbi yakazidi nguvu. Redio ndogo hulemewa, na stesheni yenye nguvu ikajirudia kHz (kilohezi) 910 chini ya mahali pake, yaani mara mbili ya 455, masafa ya kati (IF) ambayo redio nyingi za aina hii hugeuzia kila stesheni ndani yake. Mita 5 zimetosha. Radi zikianza, waya unatolewa.