Tupeane uzoefu: kosa dogo la programu lililokula siku yako, na akili mnemba ilikusaidia au ilikupoteza?

Mleta mada:
Wakuu, habari za wakati huu. Naanza na langu, maana bado linaniuma. Nilikuwa najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, nikaandika faili la majaribio nikaliita random.py. Ndani yake nikaita maktaba ya random (msimbo wa Python ulio tayari) inipe namba za kubahatisha. Kila nikiliendesha naambiwa random haina randint, yaani ile amri ya kutoa namba. Nikanakili ule mstari wa mwisho tu, nikaipa akili mnemba. Ikasema futa Python, sakinisha upya. Nikafanya hivyo mara mbili, usiku ukaisha. Kumbe Python huanza kutafuta kwenye folda ya faili unaloendesha kabla ya maktaba zake, kwa hiyo faili langu lilikuwa linajiita lenyewe! Na jina lake lilikuwa limeandikwa wazi, mistari michache juu ya ule nilionakili. (Toleo la 3.13, lililotoka 2024, hudokeza ubadilishe jina la faili. Mimi nilikuwa na la zamani.)

Mchangiaji wa kwanza:
Pole sana mkuu. Langu ni la JavaScript, lugha nyingine ya programu. Nilipanga alama 9, 80 na 100 kwa sort, amri ya kupanga orodha, zikaja 100, 80, 9. Nikajua imepanga kuanzia kubwa, nikaigeuza orodha, mambo yakakaa sawa. Nikaongeza 85, zikatoka 9, 85, 80, 100. Akili mnemba ilinijibu papo hapo: sort usipoielekeza hulinganisha namba kama maneno, ndiyo maana 100 inayoanza na 1 inatangulia. Nikabandika dawa yake, maelezo sikuyasoma. Mradi uliofuata, kosa lile lile, na swali langu lile lile neno kwa neno. Hapo ndipo roho iliniuma kweli.

Mchangiaji wa pili:
Mimi iliniponza kwa kukubali kila nilichosema. Tarehe 31 Januari 2024 ilikuwa inatokea kama 2 Machi. Nikaiambia tatizo ni majira ya saa ya seva. Ikakubali, ikanipa mistari kama arobaini ya kurekebisha saa. Siku mbili nzima. JavaScript huhesabu miezi kuanzia 0, kwa hiyo 1 niliyoandika nikimaanisha Januari ilikuwa Februari, na Februari ile ilikuwa na siku 29, ndiyo maana siku ya 31 ikamwagikia 2 Machi. Siku hizi naipa msimbo na matokeo, dhana yangu naiweka kando.

Mchangiaji wa tatu:
Ndugu zangu, msiiseme sana. Sisi tunaojifunza peke yetu, saa nane usiku nani wa kumuuliza? Mabano yangu yasiyofungwa imenionyesha mara nyingi bila kunidharau.

Mleta mada:
Nakuelewa, ndugu yangu. Hebu tuambie, kabla ya kuiuliza huwa unajipa muda gani wa kutafuta mwenyewe? Mimi nimejiwekea dakika 20, na ujumbe wa kosa nausoma wote, kuanzia juu.