Mrejesho: injini ya boti iliyokuwa inachemsha imepona

Wakuu, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuona swali langu, naishi ndani ya boti ya matanga na injini ilikuwa inachemsha dakika kumi tu baada ya kuwasha, maji yanayotoka kwenye ekzosi kidogo mno, na themostati (kidhibiti joto cha injini) nilishabadilisha bila mafanikio. Wengi mlisema nifungue pampu ya maji ya bahari niangalie impela, ile feni ya mpira ya ndani inayosukuma maji ya kupoza injini.

Basi jana nikafunga koki ya maji kwanza, nikafungua kifuniko, na kweli kati ya mapezi sita mawili hayapo, yaliyobaki yamejikunja na kukakamaa, maana boti ilikaa miezi mingi bila kuwashwa. Nashukuru sana aliyesisitiza nisifunge impela mpya mpaka nipate vipande vilivyokatika! Kimoja nilikikuta kwenye kona ya bomba, cha pili kimekwama pale maji yanapoingia kwenye kipoza joto, kimeziba nusu ya mirija na chumvi imeshakigandia, nilikivuta kwa koleo taratibu.

Impela mpya nimeipaka sabuni ya maji, sio grisi, kwa sababu grisi ya kawaida inaweza kuharibu mpira, nikaweka na gasketi mpya. Leo nimeendesha masaa mawili, geji ya joto imetulia kwenye nyuzi 80, ekzosi inatema maji kwa nguvu. Asanteni sana ndugu zangu, nimelala usingizi wa maana baada ya wiki nzima.