Kuficha njia ya mtumaji kwenye Postfix: tusafishe wapi?

mzalia_chake
Assalaam alaykum jamaa. Naomba rai za wenye uzoefu. Ofisi yetu iko Chake Chake, tunawasaidia watu waliofikwa na kesi za udhalilishaji: kufuatilia polisi, kuandikia mahakama, kuwatafutia wakili. Barua pepe zetu zinapita kwenye seva yetu wenyewe, Postfix (programu ya kupokea na kutuma barua) juu ya Debian (aina ya Linux). Wafanyakazi wanaandika kutoka ofisini, majumbani, na wengine kwa simu wakiwa shehia za mbali.

Nimefungua chanzo cha barua moja iliyotoka kwetu. Mstari wa Received, ule unaoandikwa na seva kuonesha barua imetoka wapi, umebeba anwani ya IP ya nyumbani kwa mfanyakazi na jina la kompyuta yake, ambalo ni jina lake na la baba yake. Barua yenyewe ilikuwa na jina la ofisi tu, kama tulivyokubaliana. Kwa kesi zetu hili si dogo. Kisiwa chetu watu wanajuana, na mtuhumiwa mara nyingi ni jamaa au jirani.

Nimesoma, nimeona njia nne: header_checks (kanuni za kubadilisha vichwa vya barua) ndani ya main.cf, faili kuu la mipangilio, smtp_header_checks wakati barua inatoka, cleanup (sehemu ya Postfix inayosafisha barua) ya pembeni kwa wanaotuma tu, au kuiacha seva na kuhamia huduma ya nje. Nyinyi mnatumia ipi, na kwa nini?

kijana_Jambiani
Waalaykum salaam. Mimi naangalia seva ya hoteli, nimeweka ya kwanza. Faili moja, mstari mmoja, `/^Received:/ IGNORE`, yaani futa kila mstari wa Received, kisha postfix reload. Kila kitu kimepotea, wageni wanapata barua zao na hakuna aliyelalamika. Usijitie kazi kubwa.

Shangani_linux
Kaka wa Jambiani, kwa hoteli labda. Kwa ofisi ya mwenzetu hapana, na nitasema sababu.

header_checks ikikaa main.cf inagusa kila barua inayopita cleanup, zinazotoka na zinazoingia. Sasa fikiria ofisi ile inaletewa barua ya vitisho. Mistari ya Received ndiyo inayoonesha barua ilipita seva zipi hadi kufika kwenu, na nyinyi mmeifuta wenyewe mlangoni. Mkienda polisi mtakwenda na nini? Zaidi ya hapo, Postfix inahesabu mistari hiyohiyo ili kujua kama barua inazunguka bila kufika. Kikomo chake cha kawaida ni 50. Ukifuta yote, barua iliyonaswa kwenye mzunguko wa forward (kupelekwa yenyewe anwani nyingine) inaweza kukosa kitu cha kuisimamisha.

RFC 5321 ya 2008, hati ya kanuni za kutuma barua pepe, imekataza seva kubadilisha au kufuta Received iliyowekwa na seva zilizotangulia. Hati hiyohiyo, kwenye sehemu ya usalama, inakubali kwamba mistari hii inaweza kufichua habari za ndani. Kwa hiyo tatizo la mzalia_chake linajulikana, si wasiwasi wake tu. Ila dawa inawahusu wanaotuma kutoka kwenu, isiguse zinazokuja.

binti_wa_Konde
Mimi natumia ya pili, smtp_header_checks. Inafanya kazi pale Postfix inapoikabidhi barua kwa seva nyingine, kwa hiyo zinazoingia kwenye masanduku yenu zinabaki salama. Ni nyepesi kuiweka na siioni vibaya.

Ila niseme na ubaya wake. Kwanza, kama kuna anwani inayofanya forward kwenda nje, barua za watu wengine nazo zinasafishwa. Pili, usafishaji unafanyika baada ya saini ya DKIM kuwekwa, ile inayomthibitishia mpokeaji kuwa barua imetoka kwenu na haikubadilishwa. Received kwa kawaida haisainiwi, lakini kama kisainishi chako kimepangwa kusaini User-Agent au X-Mailer (mistari inayotaja programu ya mtumaji) nawe ukaifuta baadaye, saini inavunjika na barua inaweza kuishia kwenye taka. Tatu, wenzio wa ofisini wanaoandikiana kwenye seva hiyohiyo wanaendelea kuonana IP zao.

mtu_wa_Mwanakwerekwe
Swali: kwani IP ya simu inamuonesha mtu yupo wapi? Laini zetu za simu wateja wengi wanagawana anwani moja ya nje. Mpokeaji ataona ni Tanzania, basi.

Shangani_linux
Kwa simu unasema kweli kwa kiasi kikubwa. Ila intaneti ya waya ya ofisini mara nyingi ina anwani isiyobadilika, kwa hiyo anayesoma barua kadhaa anajua ipi imeandikwa ofisini na ipi imeandikwa kwengine, na saa ngapi. Na jina la kompyuta halihusiani na IP kabisa. Outlook inapojitambulisha kwa seva inataja jina la mashine, na jina hilo linaingia kwenye Received kama lilivyo. Baadhi ya kompyuta hupewa jina la mwenyewe siku zinapowashwa mara ya kwanza.

maalim_mtandao
mzalia_chake, mwanangu, chukua ya tatu. Nitaieleza kwa kituo kwa sababu watu wanaikimbia wakidhani ni ngumu.

Barua za wafanyakazi wako zinaingia kwa poti 587, ile ya kutuma kwa kuingia na neno la siri. Barua za dunia zinaingia kwa poti 25. Ni milango miwili tofauti, na Postfix inakuruhusu kuupa mlango wa 587 msafishaji wake peke yake. Kwenye master.cf, faili la huduma za Postfix, chini ya huduma ya submission uliyonayo, ongeza mstari huu:

```
  -o cleanup_service_name=subcleanup
```

Kisha, mahali pengine kwenye faili hilohilo:

```
subcleanup unix n - y - 0 cleanup
  -o header_checks=pcre:/etc/postfix/kuficha_mtumaji
  -o nested_header_checks=
```

Na ndani ya faili la kuficha_mtumaji:

```
/^\s*(Received: from)[^\n]*(.*)/ REPLACE $1 [127.0.0.1] (localhost [127.0.0.1])$2
/^(User-Agent|X-Mailer|X-Originating-IP):/ IGNORE
```

Angalia sikufuta Received. Nimebadilisha sehemu ya kwanza tu, yenye jina la kompyuta na IP. Saa na namba ya foleni, ile Postfix inayoipa kila barua, vinabaki. Namba hiyo ndiyo itakayokuokoa siku mpokeaji akisema "barua yenu haikufika" au "mmetuma mara mbili": unaitafuta kwenye logi (daftari la seva) yako, unaona kilichotokea, na kwake yeye namba hiyo haisemi kitu. Ukifuta mstari mzima umejifunga macho mwenyewe.

Sasa mstari wa `nested_header_checks=` ulioachwa mtupu. Huu nawaomba wote muushike, maana sioni ukitajwa. Usipouandika, Postfix inachukua kanuni zilezile za header_checks na kuzitumia hata kwenye barua iliyoambatishwa ndani ya barua. Yaani mteja wenu ameletewa vitisho, mfanyakazi ameipeleka barua ile kwa wakili kama kiambatisho ili ushahidi uwe kamili, na seva yenu inaingia ndani ya kiambatisho na kuandika localhost juu ya njia ya yule mtishaji. Hakuna onyo, hakuna kosa kwenye logi. Kwa ofisi ya kazi kama yenu hilo ndilo la kuogopa kuliko yote.

Kuhusu DKIM aliyoitaja binti_wa_Konde: hapa cleanup inasafisha kwanza, kisha barua inasomwa na milter (programu ya pembeni) ya kusaini. Saini inawekwa juu ya barua iliyokwisha kusafishwa, kwa hiyo haivunjiki.

Mambo madogo: sakinisha postfix-pcre (inayoiwezesha Postfix kusoma kanuni hizi za pcre), kama mnatumia na poti 465, nayo ya kutuma, mstari wa cleanup_service_name uurudie na huko, na hakikisha `smtpd_sasl_authenticated_header` ni no, kwani ikiwa yes jina la kuingilia la mfanyakazi linaandikwa kwenye barua. Message-ID iacheni, majibu yanaunganishwa kwa hiyo.

kijana_Jambiani
Maalim, hilo la kiambatisho sikulijua. Nahamia kwenye hii.

binti_wa_Konde
Mimi pia nitaihamishia huku, hasa kwa sababu ya DKIM. Naongeza moja kwa wanaotumia Roundcube, barua pepe ya kwenye kivinjari: hapo mpokeaji anaona seva yenu tu kwa kuwa Roundcube yenyewe ndiyo inayotuma. Kuna mpangilio wa http_received_header, unaoandika IP ya mtumiaji kwenye barua, ambao kwa kawaida umezimwa. Mkute umezimwa, usije ukawa umewashwa na aliyesakinisha.

mtu_wa_Mwanakwerekwe
Na ile ya nne? Proton kwa mfano, huduma ya barua pepe ya nje, haimuoneshi mpokeaji IP ya mtumaji, na hakuna wa kulinda seva usiku.

maalim_mtandao
Si njia mbaya. Ofisi isiyo na mtu wa kukaa na seva, bora iende huko kuliko kuwa na Postfix isiyosasishwa. Lakini msidhani kila huduma ya nje ni sawa. Gmail ukiandika kwenye kivinjari IP yako haionekani; ukituma kwa programu ya barua kupitia SMTP yao, inaonekana. Na mafaili ya wateja yanakuwa mikononi mwa kampuni iliyo nchi nyingine. Mzalia_chake ana seva na ana ujuzi wa kusoma vichwa vya barua. Abaki.

mzalia_chake
Allah awalipe kheri. Nimeiweka ya tatu. Kabla ya kuiwasha nilipima kwa barua ya zamani, `postmap -h -q - pcre:/etc/postfix/kuficha_mtumaji < barua.eml`, nikaona mistari inavyobadilika. Kisha nikatuma barua halisi yenye kiambatisho cha barua nyingine: ya nje inasema localhost, ya ndani haikuguswa. DKIM imepita.

Swali la mwisho. Kwenye mail.log bado IP zote zimo pamoja na jina la kila aliyeingia. Nizifute?

Shangani_linux
Usizifute zote. Neno la siri la mfanyakazi likiibiwa, logi ndiyo itakayokwambia nani aliingia, kutoka wapi. Ila punguza muda. Debian yenye rsyslog (programu ya kuandika logi) kwa kawaida huzungusha logi hii kila wiki na kubakiza 4. Ofisi yako inaweza kubakiza 2. Angalia na nakala za akiba, kwa sababu watu wanapunguza logi kwenye seva huku nakala za miaka zimelala kwenye diski ya nje kabatini. Andikeni muda mliokubaliana, nani anaruhusiwa kuifungua, na muwaoneshe wafanyakazi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, swali la kwa nini mnaweka taarifa za watu na kwa muda gani linataka jibu lililoandikwa.

maalim_mtandao
Na viambatisho vyenyewe. Picha iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba mahali ilipopigwa, na faili la Word linabeba jina la aliyeliandika. Postfix haifiki huko. Hilo ni la kuwafundisha wafanyakazi mmoja mmoja, na uanze na wanaopiga picha za majeraha.