Kes aliondolewa, akaletwa Seven of Nine: Voyager ilipona au iliharibika?

Mwanaanga_Tabata
Wakuu, nimemaliza kuirudia tamthilia ya Star Trek: Voyager yote, misimu 7, episodi 172, na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kwa waliosahau: Voyager ni chombo cha angani, kimetupwa umbali wa miaka nuru 70,000 kutoka nyumbani, na kurudi ni miaka 75. Ndani yumo Kes, binti wa Kiocampa, watu ambao umri wao wote ni miaka 9. Septemba 1997 msimu wa 4 unaanza, analetwa Seven of Nine, mwanamke aliyetolewa kwa Borg, wale nusu mashine wanaoteka watu na kuwaunganisha kwenye akili moja, na wiki moja baadaye Kes anageuka nishati na kupotea. Mmemjenga misimu mitatu, mnamwondoa kwa episodi moja!

Msimamo wangu ni kwamba Kes alionewa. Mtu wa miaka 9 ndani ya safari ya miaka 75, fikirieni hilo. Tungemwona anakomaa, anazeeka, anafia mikononi mwa watu ambao hata mvi hawajaota. Mtaji wa namna ile walikuwa nao mkononi, wakautupa. Nipingeni kwa hoja.

Fundi_Redio
Mkuu, uzee wa Kes ulionyeshwa. Msimu wa 3, ile episodi anayoishi maisha kinyumenyume: anaanza akiwa bibi kitandani, mjukuu pembeni yake, halafu anarudi nyuma mpaka tumboni kwa mama. Kwa hiyo hicho unachodai tulinyimwa, tulipewa, tena kwa episodi moja na ikatosha.

Tuseme ukweli, waandishi walikuwa wameishiwa. Misimu mitatu kazi yake ni kutunza mboga kwenye bustani ya chombo na kumshikia Daktari vifaa. Alikuwa nesi tu. Seven alipoingia, ndipo Kapteni Janeway akapata mtu wa kumkatalia usoni. Chombo kilikuwa kimejaa watu wa "ndiyo Kapteni".

Nesi_wa_Zamu
"Alikuwa nesi tu." Fundi, naomba uisome tena sentensi yako taratibu.

Yule Daktari ni hologramu, mtu wa mwanga anayeendeshwa na kompyuta. Mwanzoni watu wanaingia, wanatibiwa, wanamzungumzia mbele yake kama vile ni mashine ya kupimia presha, kisha wanaondoka na kumwacha amewaka peke yake. Nani aliliona hilo? Kes. Alikwenda mwenyewe kwa Janeway mwaka 1995, akamwambia huyu mnamtendea vibaya, na ndipo Daktari akapewa uwezo wa kujizima na kujiwasha mwenyewe. Utu wote mnaoupenda kwa Daktari mpaka msimu wa 7, mizizi yake ni huyo "nesi tu".

Nimetoka zamu ya usiku asubuhi hii. Wodi ina vitanda 24. Kuna mama kitanda cha 9 ambaye tangu juzi alikuwa hasemi, anakodoa macho tu kwenye dari. Daktari alipita, akasoma faili, akaandika, akaenda. Ni kazi yake, simlaumu. Lakini aliyejua kwamba yule mama hanywi maji kwa sababu anaogopa kuomba kupelekwa msalani ni mimi. Usiniambie nesi tu.

Fundi_Redio
Dada, sikukutukana wewe wala kazi yako. Naongelea uandishi. Mhusika akipewa kazi ya kusaidia mwingine, mwandishi anamsahau, ndicho nilichosema. Hayo ya wodini ni mazito lakini si mada.

Nesi_wa_Zamu
Ndiyo mada. Kwako kusaidia ni kusahaulika. Ndivyo walivyofikiri na hao waandishi.

Kijana_wa_Umoja
Wasee, mimi niko Nairobi na hii series nimeitazama mara tatu. Mnagombana bure. Shida si Kes wala Seven, hawa jamaa hawajawahi kujua wafanye nini na wanawake. Tangu Star Trek ya kwanza, 1966, ni hivyo. Chapel, nesi. Troi, mshauri wa mambo ya moyo. Na Uhura wetu, miaka mitatu mizima ameketi akipokea simu. Kes alikuwa tu kwenye hiyo foleni. Seven walimtoa kwenye foleni wakamvalisha suti ya kubana.

Mama_Nasra
Kijana, umeteleza vibaya. "Kupokea simu"? Uhura alikuwa afisa wa mawasiliano kwenye sitaha ya uongozi, mwaka 1966, wakati huko Marekani Sheria ya Haki ya Kupiga Kura haijafikisha hata miaka miwili. Nichelle Nichols, aliyemwigiza, mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, akakutana na Martin Luther King, akamwambia asithubutu, kwa sababu watoto weusi wanamwona pale. Amesimulia mara nyingi kabla hajafariki Julai 2022. Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kwenda anga za juu, 1992, amesema Uhura alimfungua macho. Unamwita mpokea simu? Marehemu mama yangu alikuwa mpokea simu wa kweli, mitambo ile ya kuchomeka nyaya, na hata hiyo si kazi ya kuidharau.

Kijana_wa_Umoja
Pole mama, sikumaanisha kudharau. Nilimaanisha waandishi ndio hawakumpa kazi ya maana. Mimi Uhura namheshimu sana, ni wetu kabisa. Jina letu, lugha yetu, nchi yetu.

Mpemba_Maskati
Jamani nilikuwa nnasoma kimya lakini hapa sikubali. Jina letu lipi? Uhura si neno. Neno ni uhuru. Nichols alikwenda kwenye usaili na kitabu chenye jina hilo, Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, akalipenda, kisha wakaona "uhuru" limekaa kidume, wakalitia "a" mwishoni ili liwe la kike. Kiswahili kina dume na jike kwenye majina ya vitu tangu lini? Uhuru uko ngeli ya U, hauna jinsia: uhuru wake, wa mume au wa mke. Wametupa jina lililolemaa na nyinyi mnashangilia miaka sitini.

Mama_Nasra
Ndugu yangu Mpemba, watu wangapi duniani walisikia kuna lugha inaitwa Kiswahili kwa ajili ya yule dada? Ile episodi ya kwanza kabisa kurushwa, Septemba 1966, kiumbe kinachojigeuza kinamjia Uhura kwa sura ya mwanaume mweusi na kumsemesha Kiswahili. Mwaka uliofuata akafutwa kumbukumbu na ile mashine Nomad, wanamfundisha kusoma upya, katikati ya somo Kiswahili kinamtoka. Maana yake ndiyo lugha iliyokuwa chini kabisa moyoni.

Mpemba_Maskati
Nakubali waliitaja. Lakini nilikaa na wanangu hapa Maskati, nikawaonesha ile sehemu, mdogo akaniuliza "Baba, kile Kiswahili gani?" Sikuwa na jibu. Mie huku kila siku napigania watoto waseme Kiswahili sawasawa, wasiseme cha kuungaunga. Ndiyo maana jina likiharibiwa linaniuma.

Ukerewe_1
Naomba kuuliza tu, Kijana wa Umoja, "nchi yetu" ni ipi? Anayezungumza Kiswahili moyoni mnamfanya Mkenya kwa ushahidi gani? Huku ndiko Kiswahili kinalelewa.

Kijana_wa_Umoja
Ushahidi ni tamthilia yenyewe. Ile mpya ya Strange New Worlds, 2022, Uhura wa Celia Rose Gooding anasema waziwazi amelelewa Kenya. Na hicho kitabu cha Uhuru alichokuwa nacho Nichols kinahusu Kenya. Sikujitungia. Na boss, hiyo ya "huku ndiko Kiswahili kinalelewa" mnatusema nayo kila siku. Shosho yangu wa Lamu angekusikia angekusomea utenzi mpaka ulie. Kiswahili cha Lamu kilikuwa na tenzi kabla ya mpaka wowote kuchorwa.

Ukerewe_1
Lamu naiheshimu. Umoja siyo Lamu.

Kijana_wa_Umoja
Sasa umeniingia mimi binafsi. Nimezaliwa Umoja, hapa Nairobi, mama ametoka pwani, na Kiswahili ninachokuandikia umekielewa chote. Sema ni neno gani nimekosea, nirekebishe. Kama hakuna, basi.

Mwanaanga_Tabata
Wakuu, mada ni Kes na Seven. Nawaomba turudi.

Fundi, ile episodi ya kinyumenyume naikubali, ni nzuri sana. Lakini ilikuwa ndoto ya kesho ambayo haikutimia. Na kilichoniuma zaidi ni 2000, msimu wa 6, walipomrudisha. Tulisubiri. Anarudi mzee, ana hasira, anataka kuwauza wenzake wote kwa maadui zao Wavidiani. Kes yule aliyekuwa anaongea na miche ya nyanya! Heri wangemwacha na kile kitendo chake cha mwisho, alipoisukuma Voyager karibu miaka nuru 10,000 na kuwapunguzia safari miaka kumi.

Dada_Kigamboni
Mimi namtetea Seven, na nakerwa na mtu kusema "wakamvalisha suti" kama vile hakuna kingine. Ile suti ya rangi ya fedha siipendi hata kidogo, ilikuwa chambo cha wanaume na UPN, kituo cha TV kilichoirusha, walijua wanachofanya. Lakini ndani ya suti kulikuwa na mwigizaji Jeri Ryan anafanya kazi. Kumbukeni ile episodi ya msimu wa 4, wote wamelazwa kwenye mitungi kwa mwezi mzima wakivuka lile wingu la mionzi ya kuua, amebaki yeye na Daktari, kisha hata Daktari akazimika. Mtu aliyechukuliwa na Borg akiwa na miaka 6, ambaye hajawahi kuwa peke yake kichwani, anatembea kwenye korido tupu. Sijawahi kuona upweke ukiigizwa vile. Kes asingeweza hilo, kwa sababu Kes alikuwa anapendwa tangu siku ya kwanza.

Na hakukaribishwa hata kazini. Kate Mulgrew, aliyemwigiza Janeway, amekiri hadharani kwamba alimtendea vibaya Ryan miaka ile na akaomba radhi. Alichukia kwamba mwanamke wa kwanza kuongoza tamthilia ya Star Trek akiwa kapteni anawekewa pembeni mwanamke wa kuvutia macho. Hasira yake ilikuwa ya haki, ila ilimwangukia asiyehusika.

Fundi_Redio
Dada Kigamboni, hapo umesema yote. Mnakumbuka kwenye Star Trek: The Next Generation, Dk Pulaski, 1988, alivyoletwa mahali pa Dk Crusher? Msimu mmoja tu, akaondoka, Crusher akarudishwa. Yeye alipewa nafasi ileile ya mwenzake, watu wakampima kwa kipimo cha mwenzake. Seven hakupewa kazi ya Kes hata siku moja. Ndiyo maana alidumu, na 2023 tumemwona ni kapteni wa Enterprise, chombo maarufu kuliko vyote vya Star Trek.

Nesi_wa_Zamu
Sasa mimi nina swali kuhusu hiyo hiyo episodi ya Kes kuondoka, maana wote mnaangalia mlango anaotokea Kes. Chumba cha pili kuna nini? Seven yuko mahabusu anasema nirudisheni kwa wenzangu. Anakataa. Mwili wake umeanza kuvikataa vile vifaa vya Borg, na Daktari anamwambia Janeway waziwazi: mgonjwa akikataa matibabu, hata kama atakufa, maadili yananitaka niheshimu. Janeway anasema huyu hana uwezo wa kuamua, aliporwa tangu utotoni, mtibu. Wakamtibu kwa nguvu.

Mnaona alikuwa na haki?

Mwanaanga_Tabata
Kwangu hapana. Alimteka. Alimfanya kitu kilekile Borg walichomfanya, ila kwa sauti ya upole.

Dada_Kigamboni
Alikuwa na haki yote. Mtoto wa miaka 6 aliyeibwa hawezi kuchagua kurudi kwa mwizi. Ungekuwa ni mwanao?

Mwanaanga_Tabata
Si mtoto tena. Ni mtu mzima.

Fundi_Redio
Nesi, nilidhani utakuwa upande wa Daktari. Wewe unasemaje?

Nesi_wa_Zamu
Nilikuwa upande wa Daktari miaka yote. Ila tazameni mwisho wake. Janeway amemwuliza Seven yule binti Annika, yaani yeye mwenyewe kabla ya Borg, alikuwa nani, rafiki zake ni akina nani, rangi gani aliipenda. Seven anajibu kwamba hayo hayana maana. Siku zinapita. Janeway anarudi, anamkuta amekaa. Hajamsemesha chochote, yeye anasema tu: "Nyekundu." Janeway haelewi. "Yule mtoto. Alipenda nyekundu."

Mama wa kitanda cha 9 leo saa kumi na moja alfajiri ameniambia chai yangu haina sukari. Siku ya tatu bila neno, neno la kwanza ndilo hilo. Nilikwenda stoo nikalia, kisha nikamletea sukari. Kwa hiyo sijui tena, Fundi. Kama tungemwacha kwa sababu hasemi, nisingelisikia.

Fundi_Redio
Nimesoma. Lile neno "tu" nalifuta.

Mpemba_Maskati
Mola amponye mama huyo.

Kijana_wa_Umoja
Amina. Na Ukerewe, bado nangoja neno nililokosea.