Watoto wa Mzee Bakari 🏡

Dada Mwanaidi, 18:52
Assalaam aleikum. Nakumbusha: fundi anakuja Jumamosi saa mbili asubuhi, klachi ya Land Rover. Ili kuifikia, gia boksi ya gari lile inatolewa kwa juu, kupitia ndani, kwa hiyo mabati ya sakafu na boksi la viti lazima viwe vimeshafunguliwa. Alhamisi inayofuata gari linabeba masufuria ya khitma kwenda Pangani. Salim, umefika wapi?

Salim, 19:10
Waalaikum salaam Dada. Upande wa abiria tayari. Upande wa dereva bolti tano zimegoma, mbili vichwa vimekuwa duara, spana haishiki tena.

Zubeda, 19:11
Ziambieni kuna pilau, zitatoka zenyewe 😂😂

Ma'mdogo Saumu, 19:12
Pilau la nani? Mchele umeshanunuliwa?

Dada Mwanaidi, 19:14
Mchele baadaye jamani! Salim, zimekuwaje duara?

Salim, 19:15
Nilitumia spana namba 13, ya milimita. Inaingia ila inacheza.

Kaka Juma Mombasa, 19:21
Acha mara moja! Hiyo Land Rover Series III ni gari la inchi, bolti zake si za milimita. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, ukiivalisha 13 unakula kona zote. Tena tumia spana ya pete, usitumie ya mdomo.

Salim, 19:23
Na kwenye boksi la viti kuna unga mweupe umezunguka bolti.

Kaka Juma Mombasa, 19:26
Hiyo ni aluminiamu inaliwa. Bolti ya chuma, bati la aluminiamu, na chumvi ya bahari hapo Tanga, vinakulana. Sugua kwa brashi ya waya, tia mafuta ya kulegeza kutu, ulaze usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa kwa nyundo, taratibu, kutu ipasuke. Halafu kaza kidogo kwanza ndiyo ulegeze. Ikisogea robo mzunguko, rudisha, ongeza mafuta. Ukilazimisha itakatika.

Dada Mwanaidi, 19:30
Sasa tuseme kweli. Spana za inchi za marehemu Mzee ziko wapi? @Athumani

Dada Mwanaidi, 19:48
@Athumani naona umesoma.

Zubeda, 19:50
Wote tumesoma, tunaogopa kupumua 🙈

Kaka Athumani Dar, 20:37
Msinianzie mambo ya Korogwe. Boksi la spana nilipewa na Mzee mwenyewe kwa mkono wake.

Dada Mwanaidi, 20:38
Ulipewa uazime.

Kaka Athumani Dar, 20:38
Ulikuwepo?

Salim, 20:41
Jamani, jirani ana mtungi wa gesi ya kuchomelea. Anasema bolti ikipata moto dakika mbili inalegea, tukimaliza leo leo sitamsumbua mtu.

Ma'mdogo Saumu, 20:42
Sawa baba, muwahi.

Ba'mdogo Hamisi, 20:55
Salim mwanangu. Moto usisogee kwenye gari hilo. Tangi la petroli liko chini ya kiti, hapo hapo unapofungua. Grenda pia hapana, cheche ni moto. Marehemu kaka yangu sakafu hiyo kaifungua miaka yote na hakuwahi kuwasha hata kiberiti karibu yake. Athumani, boksi lirudi Tanga. Mengine tutazungumza nikiwepo.

Salim, 20:56
Shikamoo Ba'mdogo. Nimesikia, jirani nimemwambia hapana.

Kaka Juma Mombasa, 21:03
Ba'mdogo kasema. Zile mbili za duara weka tindo pembeni ya kichwa, gonga kuelekea upande wa kulegea. Usiwe na haraka. Na zikirudishwa mpya zipakwe grisi kwenye nyuzi, wa kesho asiteseke.

Kaka Athumani Dar, 22:19
Boksi liko kwa rafiki yangu Mbagala. Kesho nikimpata nalipakia kwenye basi.

Dada Mwanaidi, 22:20
Basi gani? La saa ngapi? Nani analipokea stendi?

Dada Mwanaidi, 22:45
Athumani?

Ma'mdogo Saumu, 06:12
Salim, nimekutumia elfu kumi. Ni ya mafuta ya kutu au ya fundi?

Salim, 06:40
Ma'mdogo, sijaona meseji ya pesa. Bolti moja imesogea kidogo.