Nakwenda Kibosho Krismasi na nimeacha pombe. Kata ya mbege nitaikataaje kwa baba mkubwa?

Mwana wa Kibosho

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 38, naishi Mbagala, nyumbani Kibosho, Kilimanjaro. Niliacha pombe Kwaresima ya mwaka huu baada ya kulazwa kwa uvimbe wa kongosho. Yale maumivu siwezi kumtakia mtu. Daktari alinieleza kwamba kwangu hata glasi moja ni hatari, nikamwelewa. Hapa Dar nimeweza. Nikitoka kazini napita barabara ya juu ili nisikutane na baa ya kona, Jumamosi nashinda na watoto, basi.

Kazi iko Desemba. Mnajua kwetu, mwisho wa mwaka lazima upande. Tarehe 26 ukoo unachinja kwa baba mkubwa, ambaye ndiye mkubwa wetu tangu babu afariki. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, inaandaliwa siku nyingi kabla, na wakati wa kugawa ukifika mzee anachota mwenyewe kwa kata, kile kibuyu cha kunywea, anaonja kwanza, kisha anakukabidhi huku anakutaja kwa jina lako na la baba yako. Ile ni baraka. Ukiikataa mbele ya watu ni sawa na kumwambia mzee kwamba unahisi kaweka kitu.

Halafu kuna maneno. Kwetu mwanamume akiacha kunywa, ama kaokoka ama yuko kwenye dozi anayoificha. Mama yangu yupo, sitaki aanze kuulizwa habari zangu kanisani. Na wapo watakaoniambia mbege si pombe, ni chakula, ina ulezi.

Naomba ushauri wa mtu aliyepitia haya. Mzee nimwambie ukweli? Nimwambie lini? Na kuanzia saa kumi jioni, nyama imeisha na nyimbo zimeanza, asiyekunywa anakaa wapi?

Mama Marangu

Pole kaka kwa kuumwa, na Mungu akutie nguvu. Usisubiri hiyo tarehe 26. Mzee akiambiwa hadharani itabidi ajibu hadharani, na hapo hata kama anakupenda atalinda heshima yake. Panda siku mbili tatu kabla. Nenda kwake asubuhi, peke yako, na sukari yako na majani ya chai. Kaa, msikilize kwanza habari za ng'ombe na za kahawa, ndipo umweleze.

Na mtajie ugonjwa kwa jina lake. Mume wangu alipokwenda kwa baba yake hakusema "nimeacha pombe", maana hapo ungeanza mjadala. Alisema, "Baba, nililazwa, kongosho limevimba, nikinywa narudi wodini." Mzee akanyamaza kidogo, akauliza kongosho liko wapi, mume wangu akamwonyesha hapa juu ya kitovu. Wazee hawa wamezika vijana wengi kwa ajili ya pombe kaka, usifikiri hawajui. Akaagiza mwenyewe: huyu atajwe jina, kata ipokewe na mdogo wake. Mpaka leo ndivyo tunavyofanya, na hakuna aliyewahi kusema baraka imepungua.

Kuhusu jioni, shika kazi mapema. Mume wangu yuko kwenye ndafu. Mbuzi mzima juu ya makaa anataka mtu wa kukaa naye saa nyingi, kumgeuza, kupunguza moto mafuta yakianza kudondoka, kupaka chumvi na ndimu. Mchomaji hasumbuliwi na mtu, wote wanamsubiri yeye. Giza likiingia anapeleka bibi na watoto nyumbani kwa gari, na akishafika hatoki tena. Hata mimi nilikuwa naogopa zile jioni, sasa siogopi.

Kijana wa Rombo

Mkuu, hapo usijipe presha. Pokea kata kwa mikono miwili, gusisha midomo tu, mpe anayefuata. Mzee ameheshimika na wewe hujanywa.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kijana wa Rombo, naona unamtakia mema, lakini tafadhali tusimshauri hivyo. Zile ndizi zimechachuka siku kadhaa kabla hata hazijachanganywa na uji wa ulezi. Mbege ni kileo, na ikilala siku ya pili inakuwa kali zaidi. Kwa mtu aliyekuwa mnywaji, ladha ile mdomoni peke yake inatosha kuamsha hamu ya miaka yote. Na kama daktari amempa disulfiramu, ile dawa ya kumsaidia mtu asirudie pombe, hata pombe kidogo inaweza kumfanya uso uwake, moyo uende mbio, atapike hapohapo mbele ya ukoo. Njia ya Mama Marangu ndiyo salama.

Mleta mada, kula kabla hujaenda kwenye shughuli. Njaa na uchovu wa safari huleta hamu ya kunywa kuliko hata maneno ya mashemeji. Lakini nyama nono punguza, na kisusio, ile supu ya damu, onja kidogo tu, kongosho lililowahi kuvimba halipendi mafuta mengi.

Na niseme kwa wengine mnaosoma, kwa sababu kila Desemba tunawapokea wodini: kama unakunywa kila siku tangu asubuhi, usiache ghafla eti unataka ufike nyumbani msafi. Kutetemeka na kutoka jasho huanza ndani ya saa chache, na mishtuko kama ya kifafa inaweza kuja ndani ya siku mbili. Anzia hospitali, upewe dawa za kukushusha taratibu.

Mwana wa Kibosho

Asanteni sana. Mama Marangu, umenifungua macho kwa hilo la jina kutajwa na mdogo wangu kupokea, sikuwahi kuwaza kama linawezekana. Nimeshabadilisha tiketi, napanda tarehe 20. Mdogo wangu nimempigia leo, amekubali, na ametaka tuende kwa baba mkubwa wote wawili. Ndafu nimeiomba pia.

Nesi, nitamuuliza daktari kuhusu hizo dawa kabla ya kusafiri. Limebaki suala la mashemeji kutoka Arusha. Hao wanakuja na kreti kwenye buti la gari, hawamwogopi mzee, na wanalala nyumba moja na mimi. Mwenye uzoefu nao aongezee.