Gare (stesheni) ya Lubumbashi: mzigo wa kwenda Kananga, na kwa nini treni inakawia hivi?

Kijana wa Kampemba
Jambo wakubwa. Kuna magunia 6 ya unga wa mahindi na bido (madumu) 2 za mafuta ya kwenda Kananga kwa treni. Vifungwe namna gani ili vifike vizima? Tena kuna anayesema mtu anaweza kupanda hapa gare akaendelea hadi Kinshasa bila kushuka. Ni kweli? Na hii BCK ambayo wazee hawaachi kuitaja, ni nini hasa?

Fundi Njia
Kinshasa, hapana. Reli yetu inaishia Ilebo, kwenye mto Kasai. Kutoka pale ni boti. Reli iliyoko Kinshasa ni ya kwenda Matadi, na hizo mbili hazijawahi kukutana.

Njia yako ni hii: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Mwene-Ditu, Kananga. Pale Tenke inachepuka ile ya Kolwezi na Dilolo. Kamina ndiyo njia panda kubwa: mkono mmoja unaenda Kabalo, halafu Kalemie au Kindu, mwingine unaenda kwako. Kwa hiyo kwenye mzigo usiandike «Kamina» eti kwa sababu treni inapita pale. Andika kituo cha mwisho, KANANGA, la sivyo utashushwa Kamina na utabaki pale.

Kukawia si kosa la mashine. Ni njia. Mvua ikisomba kokoto, mataruma yanakaa juu ya tope, na kila gurudumu likipita yanapanda na kushuka. Bolti za maungio zinalegea, ncha za reli zinagongwa mpaka zinainama. Kwenye kona reli mbili zinaachana kidogo kidogo: zinatakiwa kuwa milimita 1,067 kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani, na zikizidi sana gurudumu linaanguka katikati. Ndiyo maana dereva anaamriwa kwenda polepole sehemu hizo. Piga hesabu: hapa hadi Kamina ni karibu kilomita 600. Kwa mwendo wa 20 kwa saa, ni saa 30 bila kusimama hata mara moja. Na treni inasimama, tena sana.

Mzee wa Makaratasi
Kuhusu BCK: ni Bas-Congo–Katanga, kampuni ya reli ya mwaka 1906; Bas-Congo ni Kongo ya chini, upande wa Matadi. Jina liliahidi Bas-Congo, lakini vyuma vilifika Bukama 1918, vikafika Port-Francqui (ndiyo Ilebo ya leo) 1928, vikaishia hapo. Kwa hiyo jibu la swali lako la Kinshasa limo ndani ya jina lenyewe.

Ila msichanganye: reli haikuingia mji huu kutoka kaskazini. Ilitoka kusini, Rhodesia, ikapita Sakania, ikafika hapa 1910, mwaka uleule mji unaanza. Ilifuata shaba ya mgodi wa Étoile, haikufuata watu. Na kwa sababu ilitoka kusini, ilichukua upana wa kusini. Mpaka leo behewa la hapa linaweza kutembea juu ya reli ya Zambia, na juu ya ile ya Angola hadi Lobito, bila kubadilisha magurudumu.

SNCZ, kampuni ya reli ya taifa, ilizaliwa 1974, leo ni SNCC. Na Lupopo, timu ya mpira, ilianzishwa 1939 na watu wa reli. Wa Mazembe, wapinzani wetu, mtusamehe.

Mama Mizigo, mtaa wa Kenya (Lubumbashi)
Mwanangu, unga kwanza. Weka mfuko wa plastiki ndani ya gunia, funga mdomo wa plastiki peke yake, halafu shona gunia. Jina na kituo viandikwe mara mbili: nje kwa rangi, na ndani kwenye kipande cha kitambaa, maana rangi ya nje inasuguliwa ikafutika.

Bido usiijaze. Acha vidole vitatu, mafuta yanavimba kwa joto na kusukuma kifuniko. Plastiki chini ya kifuniko, kaza, halafu ilaze ubavu usiku mzima juu ya karatasi. Karatasi ikilowa, badilisha bido. Na isipakiwe juu ya unga, hata wakikuambia nafasi imekwisha.

Magunia yakae juu ya mbao, si juu ya sakafu ya behewa. Hesabu mbele ya anayeandika, idadi iwe kwenye resi (risiti), na resi asafiri nayo mtu, isiingizwe kwenye gunia.

Kijana wa Kampemba
Asante mama, asanteni bapapa. Fundi, lakini si mashine ni za umeme? Mbona tena zinasimama porini?

Fundi Njia
Za umeme ni mpaka Kamina tu, volti 25,000. Sehemu ya kwanza, Likasi–Tenke, iliwashwa 1952. Baada ya Kamina ni mazutu (dizeli), kwa hiyo pale lazima kubadilisha mashine, na kama ya mazutu haijafika, mnaisubiri. Porini, mara nyingi ni umeme umekatika au wezi wamekata waya wa juu kwa ajili ya shaba. Mashine ya umeme bila waya ni chuma tu. Inangoja ya mazutu ije kuivuta.

Siku ya kuondoka uulize gishe (dirisha la tiketi) asubuhi ileile, usitegemee karatasi ya wiki iliyopita.